UZI: Ardhi ngumu ya Dodoma – wudi 7 na 9, haibridi, au tubaki na aioni ndefu?

Mwana_Ihumwa

Wakuu, habari za jioni. Naomba tujadili fimbo za gofu za kati, zile za kupigia mita 140 mpaka 180: wudi (kichwa kinene), aioni (kichwa chembamba cha chuma) na haibridi (iliyo kati ya hizo mbili).

Begi langu: draiva (ya kupigia mbali zaidi), wudi 3 ya digrii 15, wudi 5 ya digrii 18, aioni 4 mpaka 9, weji nne (za mipira mifupi) na pata (ya kusukumia mpira shimoni). Jumla 14, nafasi imejaa. Shida ni aioni 4 na 5. Mpira hautaki kupanda. Unatoka chini, unagonga mbele ya grini (nyasi fupi zenye shimo) na kubiringika mpaka unatokea nyuma. Kasi ya draiva ni kama maili 88 kwa saa, hendikapu (kiwango changu) 19, napiga kwa mkono wa kulia.

Mmoja ananishauri haibridi 4 na 5. Mwingine anasema haibridi zinakunja kushoto, nichukue wudi 7 na 9. Mazoezi nafanyia huku kwenye ardhi ngumu, mashindano ni Morogoro na Lugalo, Dar. Yupi nimsikilize?

---

Fundi_wa_Shafti

Wote wawili wako sahihi, ila kila mmoja anajibu swali lake. Tuanze na fimbo zenyewe.

Wudi 7 nyingi zina lofti, yaani mlalo wa uso, ya digrii 21 na urefu wa inchi 42 au pungufu kidogo. Wudi 9 ni digrii 24, inchi 41.5 hivi. Zipo hata wudi 11, digrii 27 au karibu na hapo. Haibridi 4 kwa kawaida ni digrii 22, lakini urefu wake ni inchi 40 au chini ya hapo. Haibridi 5 ni digrii 25 au 26. Aioni 4 za kisasa unaweza kuzikuta na digrii 21 hizo hizo kwa inchi 38.5. Ukisoma lofti peke yake utadhani ni fimbo moja iliyopewa majina matatu.

Tofauti iko kwenye kichwa. Kichwa cha wudi kimerefuka kwenda nyuma na uzito wake umewekwa chini, mbali na uso. Kitovu cha uzito kikikaa chini na nyuma, mpira unaondoka juu zaidi na unabeba mzunguko zaidi. Kwenye aioni uzito umekaa jirani kabisa na uso, kwa hiyo kazi ya kuinua mpira inabaki kwa lofti na kasi yako. Ukiwa chini ya maili 90 kwa draiva, aioni ya digrii 21 haikupi urefu wa kutosha kwenda juu, hata ukiipiga katikati ya uso. Si swingi yako mbovu, ni hesabu tu. Haibridi imekaa katikati: inainua kuliko aioni, haifikii wudi.

Halafu kuna shafti, ule mpini wa fimbo. Hizo inchi mbili za ziada zinaongeza kasi ya kichwa, ndiyo maana wudi 7 kwa watu wengi inapita haibridi 4 kwa mita 5 mpaka 10, na bado inatua wima zaidi. Bei yake ni usahihi. Fimbo ndefu ni ngumu kuipatia katikati, hasa mpira ukiwa juu au chini ya miguu yako.

Kwako wewe aioni 4 na 5 zitoke, hilo halina mjadala. Na hiyo wudi 3 nayo naitilia shaka, tutaifikia.

---

Zabibu_Kavu

Kabla hamjafika mbali, tukumbuke tunapigia wapi. Dodoma iko kama mita 1,100 juu ya usawa wa bahari. Kanuni wanayotumia wapimaji wa fimbo ni kuzidisha futi za mwinuko kwa 0.00116, unapata asilimia ya ongezeko la umbali. Kwa lugha nyepesi: futi 1,000 ni ongezeko la asilimia 1.16. Sisi tuna futi 3,600, hivyo ni asilimia 4 na kidogo. Mpira unaokwenda mita 160 hewani pale Lugalo, huku utakwenda 166 au 167. Morogoro, penye kama mita 500, ni asilimia 2 tu. Arusha, mita 1,400, inapita 5.

Wengi wakishafanya hesabu hiyo wanafurahi na kuishia hapo. Wanachosahau ni kwamba hewa nyepesi inapunguza pia nguvu ya kuinua. Mzunguko wa nyuma unauinua mpira kwa kushikana na hewa, na hewa ya huku ni pungufu kwa kama asilimia 10 ukilinganisha na pwani. Mpira unapaa chini kidogo na unatua bapa. Changanya na udongo wa Agosti ambao hata jembe linarudi juu, unapata kile anachokisema mleta mada: umegonga mbele, umetokea nyuma.

Kwa hiyo kama ni suala la kusimamisha mpira, wudi zenye lofti kubwa zina hoja nzito zaidi Dodoma kuliko Dar. Wapimaji wengi wanatafuta pembe ya kutua ya digrii 45 au zaidi kwa mpira unaolenga grini. Aioni 4 kwa kasi ya maili 88 haifiki huko hata kwa maombi.

---

Tia_Chini

Mnamdanganya kijana. Mmesahau upepo. Kuanzia Juni mpaka Oktoba upepo wa mashariki huku haulali, na mnamwambia apige mpira ukapae juu kabisa? Utasimama angani halafu urudi miguuni kwake. Haibridi, au aioni ya kupigia chini, basi. Wudi 7 na 9 tuwaachie wazee na akina mama.

---

Binti_wa_Hombolo

Kaka Tia_Chini, hilo la wazee na akina mama limepitwa na wakati. Dustin Johnson alikuwa na wudi 7 kwenye begi aliposhinda mashindano makubwa ya Masters ya Novemba 2020, uwanja wa Augusta, kwa mikwaju 268, 20 chini ya par (idadi ya mikwaju iliyowekewa uwanja), rekodi ya mashindano yale. Huyo alikuwa mmoja wa wapigaji wa mbali zaidi duniani. Hakuibeba kwa kukosa nguvu. Na grini za Augusta zinataka mpira unaoshuka wima.

Na haibridi nayo ina ushahidi wake: Y. E. Yang mwaka 2009 pale Hazeltine alimalizia PGA Championship dhidi ya Tiger Woods kwa haibridi 3 iliyokwenda moja kwa moja kwenye grini ya shimo la 18. Zote ni fimbo za watu wazima.

Kuhusu upepo una hoja, ila kinachoua mpira kwenye upepo wa mbele ni mzunguko kuliko urefu wenyewe. Na mzunguko tunauongeza wenyewe kwa kupiga kwa hasira. Upepo ukiwa usoni:

Chukua fimbo ndefu zaidi, wudi 5 badala ya 7. Shuka kwenye gripu (mshikio) sentimita 2 au 3. Rudisha mpira nyuma kwa upana wa nusu mpira, si zaidi, maana ukirudisha sana unashuka kwa ukali na mzunguko unarudi palepale. Swingi ya robo tatu, umalizie mikono ikiwa usawa wa kifua. Utaona mpira unatoka chini na hauyumbi.

Upepo ukitoka nyuma, wudi 7 inaweza kukuangusha kwa namna nyingine: unapoteza sehemu ya nguvu ya kuinua, mpira unatua bapa na kukimbia. Hapo panga utue mapema mbele ya grini.

---

Tia_Chini

Sawa dada, nimeondoa la akina mama. La upepo bado nalishikilia kwa haibridi. Ukiwa na fimbo fupi kwenye upepo wa ubavuni unasimama imara zaidi, na fimbo ya inchi 42 upepo unakuyumbisha hata kabla hujarudisha nyuma.

---

Mwana_Ihumwa

Nawasoma wakuu. Swali la ardhi: mpira ukilala kwenye udongo mtupu, nyasi zimekauka zimeisha, wudi inapita kweli? Nikijaribu wudi 5 hapo napiga kichwa cha mpira.

---

Mwalimu_wa_Mkwaju

Hapo ndipo penye jibu la uzi wote, kwa hiyo nitarefusha kidogo.

Geuza wudi 5 yako uangalie soli (upande wa chini wa kichwa). Ni pana, na ukingo wa mbele umenyanyuka kidogo kutoka ardhini. Kwenye nyasi upana huo ni msaada, soli inateleza badala ya kuchimba. Kwenye udongo mgumu soli ikitangulia kugusa ardhi, hata kwa sentimita 2 nyuma ya mpira, inaruka kama jiwe la kurusha juu ya maji, na ukingo wa mbele unakuta mpira katikati. Ndiyo hicho kichwa cha mpira unachokipiga. Haibridi soli yake ni nyembamba zaidi kutoka mbele kwenda nyuma, na shafti ni fupi, hivyo unashuka juu ya mpira kwa pembe kali kidogo. Kwenye udongo mtupu haibridi inashinda, tena kwa mbali.

Namna ya kupiga hapo: mpira uwe katikati ya stensi (nafasi ya miguu) au upana wa mpira mmoja mbele ya katikati. Uzito asilimia 60 mguu wa kushoto tangu mwanzo na usiuhamishe sana. Gripu shuka sentimita 2. Mikono mbele ya mpira kidogo, si sana. Kisha gonga mpira kwanza, ardhi baadaye. Kujikagua ni rahisi: chora mstari kwenye vumbi, weka mpira juu yake, piga. Alama ya soli lazima ianzie kwenye mstari au mbele yake. Ikianzia nyuma hata kwa vidole viwili, kwenye udongo wa Dodoma umekwisha.

Kwenye nyasi za kawaida za feawei (njia ya nyasi fupi), kama za Morogoro baada ya mvua, mambo yanageuka. Wudi 7 mpira uweke upana wa mpira mmoja na nusu ndani ya kisigino cha kushoto, haibridi mipira miwili. Wudi inapigwa kwa kufagia, lakini si kwa kunyanyua. Kosa kubwa la wenye wudi zenye lofti kubwa ni kutaka kuusaidia mpira upae. Bega la kulia linashuka, uzito unabaki mguu wa nyuma, fimbo inagusa ardhi mapema. Lofti ya digrii 21 inatosha kuuinua, kazi yako ni kuipeleka fimbo mbele.

Kwenye rafu (nyasi ndefu za pembeni) inategemea kina. Mpira ukikaa nusu ndani ya nyasi, wudi 7 inatoka vizuri ajabu, kichwa kizito chenye uzito chini kinasukuma nyasi pembeni. Ukizama zaidi ya nusu, haibridi, kwa sababu kichwa kidogo kinashikwa na nyasi kidogo. Nyasi ndefu zilizokauka zina tabia ya kujisokota kwenye shingo ya fimbo na kufunga uso, mpira ukaenda kushoto chini. Shika gripu kwa nguvu kidogo kuliko kawaida na ulenge kulia kidogo. Ukizama mpaka mpira hauonekani, acha ushujaa, chukua weji utoke.

Kwenye tii (kijiti cha kuinulia mpira): haibridi iinue kama sentimita 1, wudi 7 sentimita 1 mpaka 1.5. Tii ndefu ya draiva inafanya upigie juu ya uso na mpira unapaa bila kwenda.

Banka (shimo la mchanga) ya feawei: wudi 7 inawezekana mpira ukiwa juu ya mchanga na kingo ikiwa fupi. Nikiwa na shaka na kingo, nachagua lofti ya kupita kingo kwanza, umbali baadaye.

---

Mwana_Ihumwa

Shikamoo mwalimu, na ahsante sana. Kumbe tatizo si wudi, ni pale ninapoitumia. Sasa hilo la kukunja kushoto ni kweli au ni maneno ya vijiweni?

---

Mwalimu_wa_Mkwaju

Marahaba. Ni kweli kwa baadhi ya fimbo. Fundi atalieleza vizuri kuliko mimi.

---

Fundi_wa_Shafti

Kuna sababu tatu, na hazifanani dawa.

Ya kwanza ni umbo. Haibridi nyingi zilizotengenezwa kwa wanaokata kulia zina uso uliofungwa kidogo na shingo iliyo mbele ya uso. Anayepiga sawa au anayekunja tayari, zinamwongezea. Ukiiweka chini na kuiangalia kutoka juu, uso ukionekana unatazama kushoto, hiyo si yako.

Ya pili ni wima wa fimbo ikisimama chini. Ncha ya kichwa ikinyanyuka wakati wa kugonga, uso unaelekea kushoto, na kadiri lofti inavyoongezeka ndivyo kosa linavyokua. Kwa draiva hulioni. Kwa wudi 9 ya digrii 24, fimbo ikiwa wima kupita kiasi kwa digrii 3, mwelekeo unageuka kama digrii 1.3. Kwa mita 160 hizo ni karibu mita 4 kushoto kabla hata hujakosea kitu. Pima hivi: chora mstari mnene wa maka pen kwenye mpira, uweke mstari usimame wima ukiangalia uso wa fimbo, piga. Wino utahamia usoni. Ukisimama wima, uko sawa. Sehemu ya juu ya mstari ikiinamia kwenye ncha ya kichwa, fimbo ni wima mno. Ikiinamia kisigino, imelala mno. Selotepu kwenye soli inafaa kwa aioni. Kwa wudi inakuchanganya kwa sababu soli ni ya duara.

Ya tatu ni shafti nyepesi. Mtu anapiga aioni za chuma za gramu 110, halafu haibridi ina shafti ya gramu 60. Mikono inawahi, uso unafunga. Tafuta haibridi ya gramu 70 mpaka 85, na wudi za juu gramu 60 na kitu. Uzito ushuke taratibu kadiri fimbo inavyorefuka, usiruke.

Angalizo kwa wenye fimbo za kurekebisha shingoni: ukiongeza lofti kwa digrii 1.5, uso unafunga ukiuweka chini. Ukipunguza, unafunguka. Kwa anayekunja kushoto, nunua wudi 7 ya digrii 21 uishushe kidogo, usinunue wudi 5 uipandishe.

---

Kijana_wa_Kisasa

Jamani nina wudi 7 ya zamani, ndefu kwangu. Nataka kuikata inchi 1. Na je, shafti ya wudi iliyokufa kichwa naweza kuihamishia kwenye haibridi?

---

Fundi_wa_Shafti

Kuhamisha hapana. Mdomo wa shafti ya wudi una kipenyo cha inchi 0.335, wa haibridi nyingi 0.370. Yaani milimita 8.5 na 9.4. Itaingia, itacheza, utaijaza gundi, na siku moja kichwa kitaruka mbele kuliko mpira. Kipo kipete cha kuziba pengo, lakini shafti ya wudi ni laini na nyepesi kwa kichwa cha haibridi, hutaipenda.

Kukata inawezekana, ila ujue unachopoteza. Inchi 1 inapunguza uzito unaousikia kichwani mwa fimbo kwa pointi 6 za kipimo cha mafundi. Pointi moja unairudisha kwa gramu 2, kwa hiyo unahitaji kama gramu 12 za utepe wa risasi, na hizo ni nyingi kubandika kwenye soli. Nusu inchi ni gramu 6, hiyo inavumilika. Shafti pia inakuwa ngumu kidogo. Kabla ya msumeno, piga kwa majuma kadhaa ukiwa umeshuka kwenye gripu sentimita 2.5. Ukiona inakufaa ndipo ukate.

Ukikata, ni upande wa gripu, kamwe si upande wa kichwa. Zungushia selotepu pale unapokata ili nyuzi za kaboni zisichanike, tumia msumeno wa chuma wenye meno madogo, na vaa barakoa kwa sababu vumbi la kaboni ni baya kifuani. Gripu mpya inataka utepe wa gundi pande mbili na spiriti ya kulainishia. Petroli inafanya kazi na wengi wanaitumia, lakini usifanyie ndani ya nyumba wala karibu na jiko. Mafuta ya taa yanachelewa kukauka na gripu inabaki inazunguka.

Na msiache begi kwenye buti la gari mchana kutwa. Gari lililofungwa kwenye jua la Oktoba ndani linaweza kupita digrii 60. Gundi inalainika taratibu, na vichwa vya wudi ndivyo vinavyotangulia kulegea. Ukishika kichwa na kukizungusha ukasikia kachi, usipige tena mpaka kigundishwe upya: kwangua mdomo wa shafti kwa msasa, safisha, changanya gundi ya sehemu mbili kwa vipimo alivyoandika mtengenezaji, uache saa 24.

---

Tia_Chini

Kwa wanaonunua zilizotumika: tikisa kichwa karibu na sikio. Ikilia chembe ndani, ama ni gundi iliyokatika (hiyo si mbaya) ama ni kipande cha ndani kimevunjika (hiyo ni mbaya). Pitisha ukucha usoni kutafuta ufa mwembamba. Angalia juu ya kichwa kama kuna bonde. Pindisha shafti taratibu usikilize. Kama namba ya shingoni imefutwa kwa makusudi, achana nayo.

---

Zabibu_Kavu

Nyongeza kwa wasio na mashine ya kupimia. Sisi huku tuna bahati moja ambayo wenzetu wenye nyasi nzuri hawana, nayo ni vumbi. Kiangazi mpira ukitua unaacha kishimo kidogo chenye mkia wa vumbi kuelekea mbele, halafu alama ya mruko wa pili, wa tatu, mpaka uliposimama. Umbali wa hewani na umbali wa kubiringika unavisoma kwa macho.

Pima hatua zako kwanza kwa futi ya mita 50, ujue hatua 10 zako ni mita ngapi. Tumia mipira ya aina moja, ile unayochezea mashindano, si mchanganyiko wa ya kuokota. Piga 10 kwa kila fimbo, tupa nje miwili mibovu kabisa na mmoja uliokwenda mbali kuliko yote, saba iliyobaki tafuta wastani wa hewani. Hicho ndicho cha kuandika kwenye daftari. Kisha andika ulibiringika kiasi gani. Fimbo mbili zikipishana hewani chini ya mita 8, moja ni mzigo. Zikipishana zaidi ya 15, una shimo.

Angalia na kishimo chenyewe. Kikiwa kirefu na mkia mrefu, mpira umetua bapa. Kikiwa cha duara na mruko wa pili upo karibu, umetua wima. Weka haibridi na wudi 7 ubavu kwa ubavu asubuhi kabla upepo haujaanza, vishimo vitakujibu kuliko uzi huu.

Ukishapata namba zako, punguza asilimia 4 ukienda Lugalo, na 2 ukienda Morogoro. Hapo ndipo wengi wanaotoka Dodoma wanapobaki fupi mashimo yote ya kwanza kisha wanalaumu kedi (mbeba begi).

---

Binti_wa_Hombolo

Tusisahau haibridi pembeni ya grini. Kwenye nyasi zilizokauka mita 3 au 5 kutoka grini, weji inaruka juu ya ardhi ngumu na unaupitisha mpira upande wa pili. Todd Hamilton mwaka 2004 alishinda mashindano makubwa ya The Open pale Royal Troon dhidi ya Ernie Els kwenye mashimo ya nyongeza, na shimo la mwisho aliukaribisha mpira kwa haibridi kutoka nje ya grini.

Shuka kwenye gripu mpaka kidole kikaribie shafti tupu. Simama karibu na mpira kama unasukuma kwa pata, kisigino cha fimbo kinyanyuke kidogo, mpira katikati. Viganja visivunjike, ni mabega tu yanayobembea. Mpira unaruka kidogo kupita nyasi, halafu unakimbia. Anza na swingi fupi kuliko unavyodhani. Uso wa haibridi unarusha mpira kwa nguvu kuliko pata, na wengi mara ya kwanza wanaupitiliza.

---

Mwana_Ihumwa

Mmenipa shule. Mpango: natoa aioni 4 na 5, naweka wudi 7 (21), wudi 9 (24) na haibridi 5 (25), na wudi 3 inatoka kupisha hiyo ya tatu. Bado 14. Sawa?

---

Fundi_wa_Shafti

Wudi 3 kutoka ni sawa. Kwa maili 88, wudi ya digrii 15 na ya 18 kutoka chini zinakwenda karibu umbali ule ule, na ya 18 inapaa vizuri zaidi. Lakini wudi 9 na haibridi 5 umenunua jambo moja mara mbili. Na jingine: aioni 6 yako ni digrii ngapi? Seti za zamani ni 30 au zaidi, za kisasa za kusaidia zinaweza kuwa 26. Ikiwa 26, hata haibridi ya 25 ni marudio.

---

Mwana_Ihumwa

Nimeangalia kwenye karatasi ya mtengenezaji. Aioni 6 ni digrii 28.

---

Fundi_wa_Shafti

Basi wudi 5 ya 18, wudi 7 ya 21, haibridi moja ya 24 au 25, kisha aioni 6. Wudi 7 ni ya nyasi, tii za par 3 ndefu, na grini zinazotaka mpira ushuke. Haibridi ni ya udongo mtupu, rafu nzito, upepo, na pembeni ya grini kama alivyosema dada. Zitakuwa fimbo 13. Nafasi ya 14 iache wazi mpaka umalize vipimo vya vumbi vya Zabibu_Kavu. Ukikuta kati ya haibridi na wudi 7 kuna zaidi ya mita 15, na hizo mita unazihitaji mara kwa mara Lugalo, ndipo ufikirie wudi 9, na hapo haibridi itabidi iwe ya 26.

---

Tia_Chini

Na hiyo haibridi uiangalie uso kwanza ikiwa chini, kabla hujatoa hela.